Ukarabati wa Kasha la Injini ya Pikipiki ya Kale: Maana na Mipaka Yake

Kasha la injini ni mwili wa nje wa injini ya pikipiki, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa aloi ya alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ndani yake hukaa krenkishafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na beringi zake, na katika pikipiki nyingi hukaa giaboksi pia. Kwa kuwa kasha ndilo linaloshikilia shafti zote katika mstari wake, ukarabati wake maana yake ni kuurudisha mstari huo pamoja na kuziba ufa. Fundi anayeziba ufa na kuuacha mstari umepinda hajakarabati kitu.

Jeraha linaloonekana mara nyingi hutokana na mnyororo uliokatika, ukajikunja kwenye sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) na kuuvunja ukuta wa kasha ulio karibu nayo. Majeraha mengine ni nyuzi za bolti zilizolika, tundu la beringi lililopanuka, na mikwaruzo iliyoachwa na bisibisi ya mtu aliyelazimisha nusu mbili za kasha ziachane.

Kulehemu ndiyo kazi ngumu zaidi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi, lakini utando wa oksidi unaoifunika hauyeyuki mpaka zipite 2,000. Ndiyo maana mafundi hupendelea umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara kwa mara, ambao huuvunja utando huo, huku gesi ya agoni ikiikinga sehemu iliyoyeyuka dhidi ya hewa. Kasha la zamani lina tatizo jingine: vinyweleo vya chuma chake vimefyonza oili kwa miaka mingi, na oili hiyo hutoka inapopata joto na kuacha matundu ndani ya mshono. Kwa hiyo kasha huoshwa, hupashwa joto, kisha huoshwa tena, pengine mara kadhaa. Ncha za ufa hutobolewa tundu dogo ili usiendelee kutambaa, ufa wenyewe huchimbwa mfereji, na kasha hufungwa kwenye bamba nene ili lisipinde wakati wa kulehemu. Kabla ya yote hayo ni lazima ithibitishwe kwamba kasha si la magnesi, metali nyepesi inayofanana na alumini, kwa sababu vumbi na chembe zake hushika moto kwa urahisi, na maji huuchochea moto huo badala ya kuuzima.

Nyuzi za bolti zilizolika hutobolewa upya na kuwekewa koili ya chuma cha pua, ambayo mara nyingi huwa imara kuliko nyuzi za awali. Gundi ya epoksi inafaa tu mahali pasipobeba mzigo.

Kununua nusu moja ya kasha kutoka injini nyingine huonekana njia rahisi, lakini katika injini nyingi nusu zote mbili zilichongwa matundu ya beringi zikiwa zimefungwa pamoja, hivyo nusu ya injini nyingine huenda isilingane na mstari, na mara nyingi kasha ndilo lenye namba ya injini inayoitambulisha pikipiki. Mimi ningelehemu kasha la awali kila inapowezekana.

Baada ya kulehemu, nyuso za gasketi husawazishwa na matundu ya beringi hupimwa upya. Mafuta ya taa hupakwa upande mmoja wa mshono na chaki upande wa pili, ili doa likitokea kwenye chaki kijulikane kinyweleo kinachovuja. Mwisho nusu mbili hufungwa na bolti kukazwa kwa kipimo, na krenkishafti huzungushwa kwa mkono: ikikwama, kasha hufunguliwa tena.