Waini "nzito" ni ipi hasa, na ya Kifaransa ya bei poa kwa msosi wa winta unaipataje

Watu wengi wakisikia waini nyekundu ni nzito, au ina mwili, wanadhani maana yake ni kali inalewesha haraka, wengine wanadhani ni tamu, na wengine wanadhani lazima iwe ghali. Hapana. Uzito wa waini ni vile unavyoisikia mdomoni. Fikiria uji mwepesi wa mgonjwa na uji wa ulezi ulioshika vizuri, hata vyote visitiwe sukari ulimi wako unajua tofauti, basi ni hivyo hivyo. Nyepesi inateleza inaenda zake, nzito inajaza mdomo na ukishameza ladha yake bado ipo ipo. Wafaransa wanasema corsé, kwa hiyo ukiwa dukani Ufaransa mwambie muuzaji unataka "un rouge corsé" atakuelewa palepale.

Uzito huo unatoka wapi? Kwanza kilevi chenyewe. Zabibu ikiiva juani inajaa sukari, na sukari ndo inageuka kilevi waini ikichachuka, kwa hiyo chupa ya asilimia 14 kwa kawaida utaisikia nene kuliko ya 12, na hiyo namba lazima iwepo kwenye lebo, we anza kuangalia hapo kabla hata ya jina. Pili ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Sisi neno lake tunalo tena zuri kabisa, ukakasi. Ule ulimi unavyokauka ukila bibo, au ndizi mbichi, au ukinywa chai ya rangi iliyokaa na majani yake mpaka ikapoa. Tanini inashikana na protini za mate, mate yakipoteza utelezi mdomo unakauka. Na hapo ndo siri ya winta ilipo, maana ukiwa unakula nyama yenye mafuta tanini inapata kitu kingine cha kushika, ukakasi unapungua, na wewe mafuta hayakukinaishi. Chupa hiyo hiyo uliyoonja tumbo tupu ukakunja uso, inywe na kondoo aliyechemka taratibu masaa matatu na vitunguu na karoti, utadhani umebadilishiwa.

Sasa bei. Kosa ninaloliona sana ni mtu kwenda moja kwa moja Bordeaux au Burgundy kwa sababu ndo majina anayoyajua, afu ana euro 10 mfukoni. Kwa hela hiyo sehemu kubwa unalipia jina. Na Burgundy nyekundu ni Pinot Noir, zabibu ambayo kwa asili haina uzito mkubwa, hata ulipe mara tano. Shuka kusini, kwenye jua, ambako uzito unakuja wenyewe na ardhi haina bei ya ajabu.

Mi ningeanza na Languedoc: Corbières, Minervois, Saint-Chinian, Fitou. Huko wanachanganya zabibu za aina nne, Carignan, Grenache, Syrah na Mourvèdre, unapata matunda meusi, pilipili kidogo, na harufu ya majani makavu ya mlimani. Kwa miaka mingi sana eneo hili lilijulikana kwa waini ya kujaza mapipa tu, wingi kuliko ubora, na mwaka 1907 bei zilianguka vibaya mpaka wakulima wakajaa barabarani kwa maelfu na jeshi likaitwa. Corbières na Minervois zilipata hadhi ya AOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria, mwaka 1985 tu, wakati Fitou ilikuwa nayo tangu 1948. Kazi ya mashambani imebadilika sana tangu hapo ila sifa ya zamani bado inashusha bei, na hiyo ni faida yako. Euro 7 mpaka 12 unapata chupa ya kweli kabisa.

Halafu kusini magharibi. Cahors, kwenye mto Lot, ni zabibu ya Malbec kwa angalau asilimia 70, rangi yake nyeusi kiasi kwamba tangu zamani wanaiita waini nyeusi. Baridi kali ya Februari 1956 iliua karibu mizabibu yote ya huko wakapanda upya, AOC wakaipata 1971. Madiran ni jirani wa mbali kidogo, zabibu yake kuu inaitwa Tannat, na hii ndo yenye ukakasi kuliko zote nilizozitaja. Usiifungue ikiwa changa sana ukainywa papo hapo, imimine kwenye jagi saa moja au mbili kabla ya kula, na ukipata yenye miaka mitano sita bora zaidi. Huko huko kusini ndo kwao cassoulet, maharage meupe yaliyopikwa polepole na soseji na bata, na kwa kweli sijaona waini inayokaa na sahani ile kama hizi mbili.

Bonde la Rhône nalo lipo. Châteauneuf-du-Pape achana nayo kama bajeti ni ndogo, angalia majirani zake: Cairanne, Rasteau, Vacqueyras, au chupa iliyoandikwa Côtes du Rhône Villages ikifuatiwa na jina la kijiji. Grenache inatawala, kwa hiyo ni ya joto na laini zaidi, ukakasi mdogo, nzuri kwa mtu anayeanza. Gigondas nayo nzuri lakini bei imeshapanda.

Kwenye lebo usidanganywe na medali wala maneno "vieilles vignes", hakuna sheria inayosema mzabibu uwe na umri gani ndo uitwe mzee. Na winta watu wanaacha chupa karibu na hita, waini inafika nyuzi 23, kilevi kinapanda puani chote kingine kinapotea. Nyuzi 16 mpaka 18 inatosha, yaani ukigusa chupa uisikie ina ubaridi kidogo, kwa hiyo ikipata joto iweke kwenye friji dakika kumi na tano ndo uilete mezani.