Saksafoni kwa anayeanza: weka vidole pembeni, anza na pumzi

Mwanafunzi mpya akinijia na saksafoni yake, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuifungua na kuweka sehemu kubwa pembeni. Namwachia vipande viwili tu: kipulizio, yaani sehemu inayoingia mdomoni, na shingo, bomba lililopinda linaloshikana nacho. Wengine huvunjika moyo kidogo, kwa sababu wamekuja wakiwa tayari wamekariri kidole gani kinakaa kwenye kitufe gani. Ninawaelewa. Lakini vidole ndiyo sehemu rahisi ya ala hii. Sauti huzaliwa mdomoni, na ikizaliwa vibaya hakuna kitufe kitakachoiponya.

Saksafoni imetengenezwa kwa shaba, lakini haimo kwenye kundi la tarumbeta. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyepata hataza yake jijini Paris mwaka 1846, aliipa kipulizio chenye ridi, yaani kibapa chembamba cha tete kinachotetemeka hewa inapopita. Ndiyo maana inahesabiwa pamoja na klarineti na filimbi. Kwenye tarumbeta hutetemeka midomo ya mpigaji. Hapa hutetemeka ridi, na kazi ya mdomo wako ni kuishikilia bila kuinyima nafasi.

Sasa, namna ya kuishikilia. Meno ya juu yatue juu ya kipulizio chenyewe. Mdomo wa chini ulale juu ya meno ya chini kama mto mwembamba, na ridi ilale juu ya huo mto. Pembe za mdomo zisogee ndani kuelekea kipulizio, kama unatamka "u". Ukitabasamu hewa itavuja pembeni. Kuhusu kina, chukua kikaratasi chembamba ukipitishe kati ya ridi na kipulizio hadi kikwame: hapo ndipo ridi inapoanza kuachana na plastiki, na hapo ndipo mdomo wa chini unapotakiwa kukaa. Wanaoanza wengi hushika ncha tu, na sauti hutoka nyembamba, imebanwa.

Kisha puliza. Ukiwa na saksafoni aina ya alto, kipulizio na shingo vikiwa pamoja vitoe sauti iliyo karibu na A flati ya piano (nusu hatua chini ya A). Kwa saksafoni aina ya tena, iliyo kubwa kuliko alto, ni karibu na E. Weka mbele yako simu yenye programu inayoonyesha noti unayopiga, uangalie. Ikiwa juu zaidi, unang'ata kipulizio. Ikiwa chini sana, mdomo umelegea au hewa haitoshi.

Kung'ata ndiyo ugonjwa ninaoutibu kuliko mwingine wowote. Mimi mwenyewe niliubeba zaidi ya mwaka mzima. Ndani ya mdomo wa chini nilikuwa na alama za meno, na nilidhani maumivu hayo ni sehemu ya kujifunza. Sivyo. Mdomo uchoke, sawa, kwa sababu misuli ni mipya, lakini usiume. Anayeng'ata mara nyingi anafidia upungufu wa hewa: pumzi haina nguvu, basi taya linajaribu kufanya kazi yake. Vuta hewa kupitia pembe za mdomo, mbavu zipanuke na tumbo lijae, mabega yakibaki chini, kisha uitoe kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Taya litaachia lenyewe.

Hapo ndipo ninapomrudishia saksafoni yote. Urefushe au kuufupisha mkanda wa shingoni hadi kipulizio kije mdomoni. Kichwa kisiinamie ala. Kidole gumba cha kulia kinaiongoza tu, uzito uko kwenye mkanda. Kidole cha shahada cha kushoto peke yake hutoa B. Ongeza cha kati upate A, ongeza cha pete upate G. Noti hizo tatu zinatosha kwa wiki mbili. Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo, iwe kwenye mapigo 60 kwa dakika, shikilia kila noti mapigo manane, ukisikiliza kama inatetereka. Ukitaka kuianza noti upya, gusa ncha ya ridi kwa ncha ya ulimi, kama unasema "tu", huku hewa haikatiki.

Ridi anza na namba 2 au 2.5. Namba ni ugumu wa tete, si cheo cha mpigaji. Ilowanishe kwanza, na uifunge ncha yake ikilingana na ncha ya kipulizio. Ndani ya boksi moja zipo nzuri na zisizoitika vizuri, kwa hiyo zungusha tatu au nne badala ya kuiua moja.

Kuhusu alto au tena, chagua ile ambayo sauti yake inakuvuta. Alto ni nyepesi mikononi. Soprano, iliyo ndogo kuliko hizo mbili, ningekushauri uiache kwanza, sauti yake huteleza upesi kutoka kwenye noti. Jua pia kwamba C ya alto ni E flati kwenye piano, na C ya tena ni B flati. Mkisoma karatasi moja na mpiga piano mtagongana, na hakuna aliyekosea.

Sauti ikipiga yowe ghafla, angalia kiganja cha kushoto: huenda kinagusa vitufe vya pembeni bila wewe kujua. Noti za chini kabisa zikigoma, kabla hujajilaumu mpe mwenye uzoefu aipulize. Naye akishindwa, kuna pedi (kifuniko laini cha tundu) inayovuja, na hiyo ni kazi ya fundi.

Majirani je? Kuziba mdomo wa saksafoni kwa nguo hakusaidii, kwa sababu kwa noti nyingi sauti hutokea kwenye matundu yaliyo wazi mwilini mwake. Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, akiwa tayari na jina kubwa, aliacha majukwaa mwaka 1959 akawa anafanya mazoezi kwenye daraja la Williamsburg, New York, hadi 1961, maana nyumbani hakutaka kumsumbua jirani mjamzito. Tafuta daraja lako, au patana nao saa. Dakika 20 kila siku zinakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu mdomo wa anayeanza huchoka upesi, na ukishachoka unaanza kung'ata tena.

Ukimaliza, pitisha kitambaa ndani ya mwili na shingo. Ridi itoe, ifute, ilaze bapa kwenye kikasha chake. Ikikaukia kwenye kipulizio hupinda ncha, na kesho utapambana na ridi ukidhani unapambana na pumzi yako.