Geji ya mafuta ya M35A2 inadanganya? Anza na ethi kabla hujanunua floti mpya

Salaam wadau wa magari ya zamani. Dawati letu la umeme wa magari hapa karakana ya mafunzo linaletewa sana swali moja, linakuja kwa sura tofauti tofauti ila ni lilelile: nina lori la zamani la jeshi, geji ya mafuta imekufa, au inasoma ful muda wote, au inapanda na kushuka inavyojisikia, ninunue floti gani? Na mara nyingi muulizaji keshanunua tayari, keshafunga, na geji bado inafanya yaleyale. Kwa hiyo leo tuliongelee hili kwa utaratibu, na tutatumia lori moja tu ili tusichanganyane, M35A2 ya Marekani, ile ya tairi kumi iliyopangiwa kubeba tani mbili na nusu nje ya lami, yenye injini inayokubali dizeli, mafuta ya taa na hata petroli. Ukiielewa hii, malori mengi ya jeshi la Marekani ya kizazi chake yenye umeme wa volti 24 hayatakusumbua.

Kwanza jua kinachofanyika humo ndani. Kwenye tenki kuna kifaa ambacho mafundi wengi wanakiita floti, ila floti yenyewe ni lile boya tu, kifaa kizima ni senda: boya, mkono wa chuma, na juu yake risista ndogo ya waya mwembamba sana ambayo kijiulimi kinateleza juu yake kadiri boya linavyopanda na kushuka. Tenki likiwa tupu senda inatoa karibu omu 0 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita), likijaa inatoa karibu omu 30. Basi, ni hivyo tu. Waya unaotoka kwenye senda kwenda dashibodi una kibati kidogo chenye namba 28, na waya unaoleta umeme kwenye geji una namba 27, hizo namba usizidharau maana zimegongwa kwenye vibati vya chuma na zinadumu kuliko rangi ya waya, futa matope utazikuta.

Sasa shika hili maana ndo kiini cha kila kitu: kwenye mfumo huu omu zikiongezeka geji inapanda. Kwa hiyo kutu, rangi, nati iliyolegea, pini iliyoota ukijani, chochote kinachoongeza ukinzani kwenye njia ya umeme kinaifanya geji ionyeshe mafuta mengi kuliko yaliyopo. Haikudanganyi kwa kushuka, inakudanganya kwa kupanda, na huo ndio uongo mbaya maana unajua una robo tenki kumbe unanusa hewa. Lori la dizeli likikauka njiani halitaki mafuta tu, linataka na kutolewa hewa kwenye filta na bomba mpaka pampu ya injekta, na kama uko porini na giza linaingia utanielewa.

Wenye Land Rover za zamani zenye geji za Smiths msije mkabeba haya mkayapeleka kwenu, zile zenye geji ya joto na kile kiboksi cha kushusha umeme kuwa volti 10 zinakwenda kinyume, omu nyingi ni tupu na omu chache ni ful. Ndo maana fundi aliyezoea Land Rover akija kwenye M35 anasoma dalili zote kichwa chini miguu juu.

Tuanze kupima. Lori hili halina funguo, lina swichi ya wenzo tu, washa bila kuwasha injini uangalie geji zote sio ya mafuta peke yake. Geji ya joto, ya presha ya oili na ya betri zote zinakula umeme kwenye njia hiyohiyo ya 27. Zikiwa zote zimelala basi achana na tenki kabisa, tatizo lako ni umeme haufiki, tafuta swichi, soketi za nyuma ya dashibodi na betri zako mbili. Ikilala ya mafuta peke yake au inasoma upuuzi peke yake ndo tunaendelea. Na usisome geji swichi ikiwa imezimwa, hizi za koili mbili ukikata umeme mshale unaweza kubaki popote, ukaja kuhitimisha kitu ambacho hakipo.

Nenda kwenye tenki. Chomoa waya 28 juu ya senda, ile soketi ya mpira, ivute kwa kushika mpira sio waya. Mwenzako akiwa kwenye kiti na swichi imewashwa, geji inatakiwa ipande mpaka ipite ful. Halafu chukua kipande cha waya, gusisha ile pini ya 28 (ya upande wa waya, sio ya senda) kwenye chuma safi cha chasi, geji inatakiwa ishuke mpaka tupu. Guso hili fanyia mbali na mdomo wa tenki na kifuniko kiwe kimefungwa, umeme wenyewe ni mdogo ila cheche ni cheche, na kwenye lori linalokunywa mafuta ya aina zote huwezi kujua mwenye lori wa kwanza aliweka nini humo. Geji ikipanda na kushuka vizuri basi geji ni nzima na waya ni mzima, umeshaokoa hela nyingi. Ukitaka uhakika zaidi tafuta risista ya omu 15 duka la vifaa vya redio, iunge kati ya pini ya 28 na chasi, mshale ukae jirani na nusu.

Isipoitika, rudia jaribio hilohilo nyuma ya geji. Paneli ya geji inatoka kwa kuzungusha vishikizo vyake robo mzunguko, ivute taratibu kwako. Ikiitika pale nyuma ila haikuitika kule kwenye tenki basi waya umekatika katikati, mara nyingi pale unapopita kwenye tundu la bati au unaposugua chasi. Ikikaa tupu hata ukiwa umechomoa 28 kule kwenye tenki, waya umechubuka unagusa bodi. Na isipoitika hata pale nyuma, wakati volti 24 zinafika kwenye 27, angalia kama gamba la geji linagusa paneli vizuri, maana lenyewe linachukua ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) kupitia mwili wake na kuna watu wanapaka paneli rangi nzuuri mpaka nyuma halafu wanashangaa.

Sasa tufanye jaribio ambalo wengi hawalifanyi, na mimi ningeliweka mbele ya yote. Zima swichi, chomoa waya, weka multimita kwenye omu. Kwanza gusisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi, inaweza kuwa 0.3 au 0.5, hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Halafu pima mara mbili: mara ya kwanza toka pini ya senda mpaka kwenye kifuniko chenyewe cha senda, kwaruza kidogo upate chuma, mara ya pili toka pini ileile mpaka kwenye chasi. Namba hizi mbili zinatakiwa zilingane. Tuseme ya kwanza imekuja 14 na ya pili 21. Senda yako ni nzima bwana, inasema tenki liko chini kidogo ya nusu, ila zile omu 7 za ziada ni kutu na rangi kati ya tenki na chasi. Omu 7 kati ya 30 ni karibu robo ya kipimo, na tenki la M35A2 linachukua galoni 50 za Kimarekani ambazo ni kama lita 189, kwa hiyo geji inakuahidi zaidi ya lita 40 ambazo hazipo. Hapo ungenunua senda mpya ukafunga, ingesoma uongo uleule.

Kwa nini ethi inapotea hapo? Tenki limefungwa kwa mikanda, chini ya mikanda kuna pedi za kuzuia msuguano, tenki limepakwa rangi, mikanda imepakwa rangi, chasi imepakwa rangi, na lori likiwa la kurekebishwa limepakwa tena juu ya ile ya zamani. Senda nayo imekaa juu ya gasketi ambayo haipitishi umeme, kwa hiyo njia pekee ni zile skrubu tano za kufungia, halafu fundi anakuja anazipaka siliko nyuzi zote ili zisivuje, umeme upite wapi sasa? Dawa yake ni rahisi kuliko maelezo. Chukua waya wa ethi, upande mmoja ufunge chini ya skrubu mojawapo ya senda kwa washa ya meno, upande wa pili ufunge kwenye bolti ya chasi baada ya kukwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi juu kuzuia kutu. Tena pampu ya umeme ya kusukumia mafuta imekaa humohumo ndani ya tenki, kama nayo ilikuwa inalialia kinyonge sikiliza baada ya kuweka waya huo.

Kama vipimo viwili vinalingana ila namba haina maana, mfano unajua tenki lina mafuta na inasoma 0, au multimita inasoma wazi kabisa (kama njia imekatika), basi senda yenyewe itoke. Hapa tuwe makini. Toa terminali ya hasi ya betri, peleka simu na sigara mbali, fanyia nje penye hewa, taa ya tochi iwe ya kuzuia mlipuko au tumia mwanga wa jua, na safisha matope yote kuzunguka kifuniko kabla ya kufungua maana yakidondoka ndani yatakutana na filta. Na kuna mchezo wa vijana wa gereji wa kupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye senda "kuijaribu", naomba usiufanye hata siku moja. Volti 24 kwenye omu 30 ni wati 19, kwenye kawaya kembamba kama unywele, na tenki likiwa karibu tupu omu zikawa karibu 0 hapo ni shoti kabisa, ndani ya tenki lenye mvuke.

Ikishatoka, iache ikauke, unga multimita, na uinue mkono pole pole toka chini mpaka juu. Namba zinatakiwa zipande laini. Kama una multimita ya zamani ya mshale itumie, inaonyesha kuruka vizuri kuliko ya namba. Sehemu inayokufa mara nyingi ni ile ya katikati kushuka robo, kwa sababu lori limeishi miaka yote likiwa na kiasi hicho na kijiulimi kimesugua hapohapo. Kama ni uchafu tu dawa ya kusafishia kontakti na brashi laini itaitoa, msasa usiguse, waya ule ukishaukwangua hauna tena omu zake. Kisha boya: litikise sikioni, ukisikia maji maji ndani limetoboka na limekunywa mafuta. Boya la shaba likaushe kabisa kwanza, halafu lizamishe kwenye maji ya moto, patakapotoka povu ndo tundu lilipo. Kwenye magari ya vita kuu ya pili boya linaweza kuwa la koki iliyopakwa vanishi, na petroli yenye spiriti inaila ile vanishi mpaka koki inalowa na kuzama.

Ukifika mahali pa kununua, usinunue kwa picha. Uliza omu. Ukifunga senda ya omu 240 hadi 33, hizi zinazouzwa kila mahali kwa ajili ya boti na geji za kisasa, tenki likijaa itasoma ful na utafurahi, halafu utaendesha na utaendesha na geji itabaki imeganda juu ya ful mpaka injini inazima, maana omu zinazidi kupanda mafuta yakipungua. Ya omu 0 hadi 90 ni ya ujanja zaidi, itakaa ful mpaka ufike theluthi ya tenki halafu ishuke ghafla kama imeshtuka. Mambo ya volti hayaihusu senda, yenyewe ni omu tu, ila geji inayahusu sana, geji ya volti 12 ukiifunga kwenye 24 utainusa kabla hujaiona. Pima pia urefu wa mkono na kina cha tenki, na ukishaifunga uhakikishe boya halikwami kwenye zile kuta za ndani za kuzuia mafuta kuyumba.

Soketi za mpira msizikate mkasokota waya na selotepu, tafadhali. Zisafishe pini, weka grisi ya umeme kidogo, rudisha.

Mwisho ijaze kwa vipimo. Lori likiwa sehemu tambarare na tenki liko tupu, mimina kwa jerikeni za chuma za lita 20, kila jerikeni moja washa swichi, ngoja mshale utulie, andika umesimama wapi, mpaka ya tisa. Mistari haitalingana umbali, hiyo ni kawaida kabisa ya senda hizi, na barabarani mshale utachezacheza kwenye matuta kwa hiyo soma ukiwa umesimama. Tengeneza na kijiti cha mbao safi cha kupimia, kikwanguliwe alama kwa jerikeni hizohizo, siku geji na kijiti vikipishana amini kijiti halafu urudi kupima ethi.