Futi 350 juu ya Saadani: kazi ya rubani wa uhifadhi

Vijana wanaoniandikia kuhusu kazi yangu huanza na majangili. Wanataka kujua kama tunawakimbiza kwa ndege, na kama tunapigwa risasi. Hatari hiyo ipo kweli. Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, aliuawa katika Pori la Akiba la Maswa baada ya majangili kuifyatulia risasi helikopta yake. Lakini hapa pwani, kutoka Tanga kushuka Pangani hadi Saadani, saa zangu nyingi hupita katika kazi isiyo na mbio hata kidogo: kuruka mstari ulionyooka, kimo kilekile, mwendo uleule, huku watu wawili nyuma yangu wakihesabu wanyama. Takwimu za wanyamapori mnazozisikia redioni zinaanzia hapo, na ubora wake uko mikononi mwa rubani kuliko watu wengi wanavyodhani. Ndiyo maana leo nazungumzia hilo.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani ina takribani kilomita za mraba 1,100. Hakuna anayeweza kumhesabu kila mnyama aliyemo, kwa hiyo tunachukua sampuli. Kwenye ramani tunachora mistari sambamba, tuseme kila baada ya kilomita 5, kisha ndege inaufuata kila mstari kwa kimo cha futi 350 hivi kutoka ardhini, mwendo wa kilomita 170 kwa saa. Kwenye mhimili wa kila bawa zimefungwa fimbo mbili zinazoelekea nyuma. Mhesabuji akitazama katikati ya fimbo hizo anaona ukanda wa ardhi wenye upana wa mita 150. Mnyama aliye ndani ya ukanda anahesabiwa. Aliye nje anaachwa, hata awe tembo dume wa kupendeza namna gani.

Hili la kuacha huwasumbua sana wageni. Nakumbuka kijana mmoja aliyeruka nasi mara ya kwanza akapiga kelele kwenye redio, "Kapteni, tembo! Tembo wengi, tugeuke!" Mzee aliyekaa upande wa pili, mtu aliyezeeka kwenye kazi hii, akamjibu bila kugeuza uso dirishani: "Mwanangu, hao wako nje. Tazama fimbo zako."

Mzee alikuwa sahihi, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Mita 150 kulia na mita 150 kushoto ni mita 300 katika kila mita 5,000. Tunaangalia asilimia 6 tu ya hifadhi. Maana yake ni kwamba kila kuro tunayemwandika anasimama badala ya kuro karibu 17 katika makadirio ya mwisho. Ukiwaingiza watatu ambao hawakuwa kwenye ukanda, umeongeza kuro 50 ambao hawapo. Ukipitiwa na usingizi wakati watatu wanapita, umewafuta 50 walio hai. Na kwa mwendo wetu ndege inakata karibu mita 47 kila sekunde, kwa hiyo mhesabuji hana muda wa kufikiri mara mbili.

Sasa njoo kwangu mbele. Upana wa ukanda unategemea kimo cha ndege. Nikipanda kutoka futi 350 hadi 385, ukanda wa mita 150 unakuwa wa mita 165. Wahesabuji wanaendelea kuandika wanachokiona, hawajui kwamba sasa wanatazama eneo kubwa zaidi kwa asilimia 10, na wanyama kwenye karatasi wanaongezeka bila hata mmoja kuzaliwa. Futi 35 ni nusu ya mnazi mrefu. Kwa rubani wa ndege ya abiria si kitu. Kwangu mimi ndiyo tofauti kati ya idadi inayopanda na idadi inayoshuka, na kuna watu watakaopanga doria na bajeti kwa kuisoma.

Ndiyo maana altimita ya kawaida haitutoshi. Hiyo hupima shinikizo la hewa na kukupa kimo kutoka usawa wa bahari, wakati ardhi chini yako inapanda na kushuka. Kutoka ufukweni kwenda bara, kuelekea msitu wa Zaraninge, ardhi inainuka taratibu kiasi kwamba jicho halishtuki. Tunatumia altimita ya leza inayopima moja kwa moja hadi chini, na mtu wa kiti cha mbele anaandika kimo kila kipande cha mstari ili wataalamu wa takwimu wasahihishe baadaye.

Kabla ya hesabu yoyote tunapima fimbo. Kwenye kiwanja cha nyasi tunaweka alama za chokaa zenye namba, zimepangwa kwa umbali sawa kukata njia ya kurukia. Ndege inapita juu yake tena na tena kwa vimo tofauti, na kila mhesabuji anataja namba anazoziona kati ya fimbo. Urefu wa mtu unabadilisha kila kitu. Mtu mfupi na mtu mrefu wakikaa kiti kilekile wanaona kanda mbili tofauti, kwa hiyo fimbo zinasogezwa kwa ajili ya mtu, na dirishani inabandikwa alama ya utepe inayomwonyesha mahali pa kuweka jicho. Akibadilishana kiti na mwenzake katikati ya kazi, tunaanza upya. Ni asubuhi nzima ya kuchosha, na rubani anayeomba kuikwepa ningemwambia atafute kazi nyingine.

Hata tukifanya yote haya vizuri, Saadani ina siri zake. Sehemu ya Mkwaja ilikuwa ranchi ya ng'ombe kabla ya hifadhi kutangazwa rasmi mwaka 2005, na baada ya ng'ombe kuondoka migunga ya miiba imejaa katika nyika nyingi zilizokuwa wazi. Kutoka juu bado unaziona alama za mazizi ya zamani, mabaka ya nyasi fupi ambako ngiri na kuro hupenda kula. Hapo kuhesabu ni rahisi. Kwenye vichaka, tohe akilala humwoni, na kwa wanyama wadogo makadirio yetu huwa chini ya hali halisi. Tunaruka kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, na asubuhi mapema kabla hewa ya moto haijaanza kuirusha ndege huku na kule. Kusi ikivuma kwa nguvu mchana, narudi Tanga. Sioni sababu ya kukusanya namba mbovu.

Tunaandika pia mizoga ya tembo. Mzoga mpya una ngozi, na tumbusi wamejaa juu yake. Wa zamani ni mifupa meupe iliyotawanyika. Ukigawanya idadi ya mizoga kwa jumla ya mizoga na tembo hai, unapata uwiano unaokueleza hali kuliko idadi ya walio hai peke yake. Ukiwa chini ya asilimia 8, kwa kawaida tembo wako salama. Ukipanda, kuna jambo. Hesabu za angani ndizo zilizoionyesha nchi kwamba tembo wetu walishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014. Wako watu waliobishia namba zile. Zilisimama kwa sababu kulikuwa na marubani walioshika kimo na wahesabuji walioshika fimbo, na mimi najivunia kuwa wa kundi hilo la kazi.

Kuhusu usalama nitasema jambo moja, kwa kuwa ndilo linaloua zaidi ya risasi. Rubani anamwona mnyama, anapiga kona kumzunguka, anaendelea kumtazama. Bila kujua anaikaza kona. Ndege ikilala nyuzi 60 bila kushuka, uzito unaobebwa na bawa unakuwa maradufu, na mwendo ambao bawa huacha kubeba unapanda kwa asilimia 41. Ndege iliyokuwa ikianguka chini ya noti 50 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) sasa inaanguka kwenye noti 71. Upepo ukiwa nyuma yako ardhi inakimbia kwa kasi, macho yanakudanganya kwamba una mwendo wa kutosha, unapunguza nguvu ya injini. Katika futi 350 hakuna nafasi ya kuiokoa ndege. Sheria yangu haina mjadala: kabla ya kuzunguka chochote tunapanda kwanza, kona inakuwa pana, na anayemtazama mnyama ni abiria. Rubani anatazama mbele. Mbele pia kuna ndege wenye manyoya: Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alikufa baada ya ndege yake kugongana na tumbusi.

Baharini kazi ni nyingine na ninaipenda mno. Tunafuata saa za maji. Bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kingo za mikoko zinaonekana wazi na miamba iliyovunjwa na baruti inaonekana kama mabaka ya kifusi cheupe. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaotagia pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, silikanti mwenyewe, samaki wa kale, huwezi kumwona, anaishi kina kirefu mno. Tunachotafuta ni maboya ya jarife, nyavu ambazo zimekuwa zikimnasa.

Anayetaka kuingia: leseni ya rubani wa biashara hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, saa 200 za kuruka au 150 ukiwa kwenye kozi kamili iliyoidhinishwa, cheti cha afya cha daraja la 1, na Kiingereza cha redio cha kiwango cha 4. Kisha jifunze ndege yenye gurudumu la mkia, kwa ajili ya viwanja vya nyasi. Ukipata nafasi ya kukaa kiti cha nyuma kama mhesabuji, ichukue hata kama leseni unayo tayari. Rubani mgeni akija kwangu simpeleki Saadani siku ya kwanza. Tunatoka Tanga asubuhi tukiwa wawili tu, tunashika mstari mmoja kuelekea Pangani, yeye anaruka, mimi nasoma altimita ya leza na kuandika. Tukishatua tunazipitia namba zile pamoja, moja baada ya nyingine. Akiweza kubaki ndani ya futi 20 juu au chini kwa saa nzima, kesho yake tunapakia wahesabuji.