Dawa si nguru, haihitaji barafu

Tanga, wengi huamini kuwa dawa ikigandishwa ndipo hudumu, kama nguru wa soko la Deep Sea. Kwa amfoterisini B ya liposomu, dawa ya sindano ya kutibu fangasi hatari mwilini, sivyo. Dawa hii hukaa kwenye utando wa vijipovu vya mafuta (ndiyo liposomu) visivyofika nanomita 100. Ikishachanganywa kisha ikaganda, barafu huchana utando, dawa huvuja, nayo ikiwa huru huumiza zaidi figo.

Kichupa cha miligramu 50 hutiwa mililita 12 za maji ya sindano, hutikiswa kwa nguvu sekunde 30 hadi mabonge yaishe. Friji ya nyuzi 2 hadi 8 yatosha, friza hapana. Kuzimua ni kwa deksitrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5, maji ya chumvi (kosa jepesi kufanya!) huleta mashapo.