Je, wajua kwa nini Fortran hutengeneza nakala ambayo hukuiomba?

Programu yako uliyoiandika kwa lugha ya Fortran inatoa majibu sahihi. Kisha unaipitisha tena kwenye gfortran, kompaila (kitafsiri cha kugeuza msimbo kuwa programu) ya Fortran, safari hii na swichi ya -Warray-temporaries, nayo inakuonya kwamba imetengeneza nakala ya muda. Nakala gani tena, wakati wewe hujanakili kitu?

Chanzo ni namna Fortran inavyopanga namba kwenye kumbukumbu. Jedwali A la 1000 kwa 1000 huhifadhiwa safu wima baada ya safu wima: A(1,1), halafu A(2,1), A(3,1), mpaka safu iishe. (Lugha ya C hufanya kinyume, na waliotokea huko hukwama hapa.) Kwa hiyo namba za A(:,5), yaani safu wima ya tano, zimekaa bega kwa bega. Za A(5,:), yaani safu mlalo ya tano, zimetawanyika: kama kila moja ni ya baiti 8, kutoka moja hadi inayofuata unaruka baiti 8000.

Sasa ita subrutini (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) ya mtindo wa zamani, inayotangaza x(n), yaani orodha ya namba n. Yenyewe inaamini namba zote zimefuatana. Ukiipa A(5,:), kompaila inalazimika kuziokota namba 1000 moja moja, kuzipanga pembeni, kuita subrutini, kisha kuzirudisha kila moja mahali pake. Mara moja haiumi. Ndani ya kitanzi kinachozunguka mara milioni, utaenda kunywa chai na urudi ukute bado. Kuna na kompaila zinazoweka nakala hizo kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu yenye nafasi finyu. Zikiwa kubwa mno, programu inaanguka ghafla.

Dawa ya kawaida ni kuandika x(:) badala ya x(n) na kuiweka subrutini ndani ya moduli, jambo linalowezekana tangu Fortran 90. Hapo subrutini huelezwa ukubwa wa hatua kati ya namba na namba, nakala haihitajiki. Lakini kurukaruka kwenye kumbukumbu kunabaki palepale, na kuruka ni polepole. Ndiyo maana mimi, nikiweza, huligeuza jedwali lenyewe, ili ninachokisoma sana kiwe safu wima.

Usihangaike na kila onyo, lakini. Tumia -fcheck=array-temps, uendeshe programu, na utaambiwa ni wito upi uliohitaji nakala kweli. Anzia na ule ulio ndani ya kitanzi.