Rangi moja, vilele viwili

Wiki iliyopita fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, aliniletea kipande cha nguzo ya uzio, kimetokana na madumu ya mafuta na viti vibovu vya plastiki, vyote vimesagwa na kuyeyushwa pamoja. Rangi moja, kijivu safi. "Imechanganyika kabisa, mwalimu, ila ukipiga msumari inapasuka."

Kabla ya kukipima kwa kalorimita, mashine inayopima joto ambalo kitu hunywa kinapopashwa, niliisahihisha kwanza kwa indiamu. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzi 156.6, Arusha sawasawa na Dar es Salaam. Wanafunzi huniuliza kwa nini nisisahihishe mashine kwa maji yanayochemka. Hapa tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 95. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Kuyeyuka kwa metali hakubabaishwi na mwinuko.

Kisha nikakata chembe ya miligramu 7, nikaifunga kwenye kisahani cha alumini kidogo kuliko kifungo cha shati. Kalorimita hukipasha pamoja na kisahani kitupu, nyuzi 10 kila dakika, ndani ya naitrojeni ili plastiki isiungue, huku ikipima tofauti ya joto vinalokunywa. Plastiki ikiyeyuka hunywa joto jingi, na kwenye grafu kinatokea kilele.

Mpasho wa kwanza siutolei hukumu, kwa sababu umebeba historia ya karakana: kipande kilipozwa kwa maji au kiliachwa kivulini? Nikakifikisha nyuzi 200, nikakipoza taratibu, nikapasha tena. Vilele viwili: 130, polithini ya dumu, na 163, polipropilini ya kiti. Kila moja imejijengea fuwele zake, na ufa hupita mpakani mwao.

Plastiki zinazopatana kweli huonekana kwenye mpito wa kioo, yaani nyuzi ambapo plastiki ngumu huanza kulegea. Polistirini hulegea karibu na nyuzi 100, polifenilini oksaidi karibu na 210. Zichanganye nusu kwa nusu, utapata mpito mmoja tu, karibu na 150.

Fundi alitaka kutenganisha kwa ndoo ya maji. Haiwezekani, zote mbili zinaelea. Nimemwambia asome tarakimu iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo: 2 ni ya madumu yake, 5 ni ya viti. Kisicho na alama aniletee, miligramu 7 zinanitosha.